Mpe Jembe, Lakini Lisiwe la Mwenziwe



Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno hayo ni mema, na mimi mwenyewe nimeyaonja, kwa maana nilipewa jembe la kujifunzia nikiwa mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja. Lakini leo nataka kuuliza swali moja juu ya methali hiyo. Jembe alilopewa mgeni, jana lilikuwa mkononi mwa nani?

Nauliza kwa sababu yako mashamba madogo hapa kwetu, kutoka Kitengela mpaka Kisaju, Isinya na Kajiado mjini, yanayopokea watu wa kujifunza kilimo kisichoharibu ardhi. Siku hizi huitwa maintani. Mimi nitawaita wanagenzi, kwa neno letu la zamani. Wengine ni vijana waliotoka chuoni, wengine ni watu wazima kama mimi tuliopunguzwa viwandani. Mwanagenzi hukaa miezi mitatu au sita, analima, anamwagilia, anabeba samadi. Malipo yake ni chakula, na mwisho wa muda ni barua ya kusema kwamba amejifunza.

Maoni yangu ni haya, nayatoa mapema ili msisome kwa kubahatisha. Kujifunza huko ni jambo jema, na chama chetu kiwasaidie wanachama walipate. Lakini mwanagenzi asiwekwe mahali pa kibarua anayelipwa. Awekwe pamoja naye. Shamba lisiloweza kufanya hivyo halifundishi mtu. Linatafuta mikono ya bure.

JINSI NILIVYOFIKA SHAMBANI

Mwaka 2022 kiwanda nilichofanyia kazi huko Athi River kilipunguza watu. Barua nilipewa Ijumaa, na Jumatatu nilikuwa nimeketi nyumbani Kitengela nikitazama ploti yangu ya futi 50 kwa 100, ambayo ni kama sehemu ya nane ya eka moja. Wengi wenu mnayo ploti kama hiyo, au mnailipia pole pole. Nilijiambia, mimi ni mtoto wa mkulima, kwetu ni Vihiga, na jembe nalijua tangu utoto. Nikapanda mahindi na maharagwe.

Ndugu zangu, nilivuna aibu. Kwetu Vihiga mvua ya mwaka hupita milimita 1,500. Kitengela ni kama milimita 500, na mwaka ule hata hizo hazikufika. Mnakumbuka kwamba tangu vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha, na ng'ombe wakafa kwa wingi katika Kajiado. Mahindi yangu yalifika magotini yakakauka. Jirani yangu, mzee wa Kimaasai, alisimama kwenye ua akanitazama, akasema, "Rafiki, wewe unalima Vihiga, lakini umesimama Kitengela."

Neno hilo lilinichoma, lakini lilikuwa kweli. Basi mwezi wa Machi 2023 nilikwenda kwa mama mmoja mwenye shamba dogo, mbali kidogo na barabara ya Namanga, nikaomba anifunze. Alinikubalia upesi. Hatukuandika kitu. Alisema nitakula mchana pamoja na watu wa shamba na nitajifunza kwa kufanya. Mimi, niliyekaa miaka mingi katika chama na kusaini mikataba ya pamoja, sikuuliza hata saa ya kwenda nyumbani. Kumbe mtu akiwa na shida husahau hata yale aliyowafundisha wengine.

MAMBO NILIYOJIFUNZA

Sitaki mtu adhani kwamba nasema shambani hakuna elimu. Elimu ipo, na ni ya maana. Nitawapa kidogo, ili hata asiyekwenda apate faida.

Jambo la kwanza ni udongo. Udongo wetu mweusi wa Kitengela ukikauka ni jiwe lenye nyufa, na ukilowa ni gundi. Kati ya jiwe na gundi kuna siku chache tu ambazo jembe huingia vizuri, na mkulima anayezikosa amekosa msimu. Udongo huo hushika maji kwa nguvu. Kwa hiyo wakati wa kiangazi tuta huchimbwa likazama chini kama beseni, ili maji machache yasikimbie. Na wakati wa masika mazito tuta huinuliwa na kuchimbiwa mifereji, la sivyo mizizi huoza. Niliyaona haya kwa macho yangu Aprili 2024, mafuriko yalipoikumba Kitengela na Athi River. Sukuma wiki zilizokuwa juu ya matuta zilipona. Zile nilizoziacha bondeni zilikuwa manjano kwa wiki moja, kisha zikafa.

Jambo la pili ni samadi. Kajiado ni nchi ya ng'ombe, na katika maboma ya zamani samadi imelala kwa marundo. Lakini mbichi huchoma mimea. Hupangwa kwa tabaka pamoja na majani makavu na majani mabichi, ikanyunyiziwa maji, ikafunikwa. Kisha huchomekwa fimbo ndefu katikati ya rundo. Baada ya siku chache fimbo huchomolewa na kushikwa kwa mkono. Ikiwa na joto, kazi inaendelea. Ikiwa baridi na kavu, rundo lina kiu. Ikinuka vibaya, rundo limekosa hewa na lipinduliwe. Hiyo ndiyo mashine yetu ya kupimia joto, na bei yake ni fimbo.

Jambo la tatu ni maji. Maji ya visima vingi vya kuchimbwa katika Kajiado yana chumvi, na mengine yana floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Ukimwagilia kwa maji ya chumvi kila siku, udongo hufa pole pole huku ukidhani unausaidia. Kwa hiyo paa la nyumba ni shamba pia. Fanyeni hesabu: paa la mita 6 kwa 8, mvua ya milimita 10 ikinyesha, huleta lita 480, yaani mitungi 24 ya lita 20. Mvua moja tu. Nilipokuwa kiwandani niliiacha mitungi hiyo ipite mlangoni kwangu miaka kumi, nikaenda kununua maji ya mkokoteni.

Jambo la nne nililipata kwa yule mzee jirani. Aliniambia kwamba Wamaasai walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho karibu na boma, iitwayo olopololi, isiguswe wakati wa neema, ili ndama na ng'ombe dhaifu wapate kula kiangazi kikija. Basi kilimo cha kutunza ardhi hakikuanza na sisi tuliokuja na ploti zetu na nyaya zetu. Nchi hii ilikuwa malisho, na wanyama wa Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, walikuwa wakishuka katika nyanda hizi wakati wa mvua. Anayejifunza kulima Kitengela bila kujua hayo amejifunza nusu.

ALIYENIFUNZA NI NANI

Sasa sikilizeni vizuri. Yule mama mwenye shamba alikuwa amesoma kozi ya kilimo hai na alijua mengi ya vitabuni. Lakini mchana kutwa alikuwa mjini akitafuta wanunuzi. Aliyenionyesha siku za kulima udongo mweusi, aliyenishika mkono na kuniwekea fimbo katika rundo, alikuwa mama mwingine wa makamo, kibarua wa kutwa. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake, na shamba lile walikuwa wamelifanyia kazi kwa miaka kadhaa. Alikuwa akiniita "baba" na kunicheka nilipopanda miche kwa kina kirefu. "Baba, unazika au unapanda?"

Wiki ya tano walikuja vijana wawili kutoka chuoni, nao ni wanagenzi. Tukawa watatu. Jumatatu iliyofuata wale akina mama hawakuonekana. Nilidhani wana msiba. Jumanne pia hawakuja. Nikamwuliza mwenye shamba. Akajibu bila ubaya wowote, "Nimewapumzisha kwanza. Sasa ninyi mko wengi."

Jioni ile nilipita Kitengela mjini, nikamwona yule mwalimu wangu ameketi na wanawake wengine mbele ya lango la nyumba za kupangisha, wakingoja kuitwa kufua nguo. Nikamsalimu. Hakunilaumu. Aliniuliza, "Zile sukuma za juzi zimeshika?" Nikamwambia zimeshika. Akasema, "Basi mnafanya vizuri."

Ndugu zangu, niliona haya mpaka nikashindwa kupanda matatu, nikatembea. Mimi niliyetolewa kiwandani kwa barua nilimtoa mwenzangu kazini bila hata barua. Sikumsukuma. Nilishika tu jembe nililopewa. Na huenda ndivyo mambo haya yatokeavyo siku zote: hakuna aliye mbaya, kila mtu ana shida yake, na mwisho mtu mmoja anaketi langoni akingoja nguo chafu.

JAMBO HILI SI GENI

Katika chama tumeliona mara nyingi. Kiwandani wakati mmoja waliletwa vijana wa mafunzo, wakawekwa kwenye mashine, na baada ya muda mkataba wa wale wa zamani haukufanywa upya. Tulipiga kelele wakati ule kwa kuwa tulikuwa sisi.

Na katika historia ya nchi hii, kazi ya shamba kwa malipo yasiyo mshahara kamili tunaijua. Sheria ya serikali ya kikoloni ya mwaka 1918 iliwataka Waafrika waliokaa katika mashamba ya walowezi, walioitwa masikwota, wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka ili wapate ruhusa ya kukaa, kulima kipande na kulisha mifugo. Walowezi nao walisema kwamba Mwafrika anajifunza ukulima wa kisasa. Sisemi kwamba mama wa shamba dogo la Kitengela ni mlowezi. Hasha. Nasema kwamba neno "kujifunza" limewahi kutumika kufunika ujira, na sisi watoto wa watu wale tusilisahau. Ndiyo maana vyama vya mashambani viliungana mwaka 1963 kuwa Chama cha Wafanya Kazi wa Mashamba Makubwa na Kilimo cha Kenya. Walitaka kazi ya jembe iitwe kazi, na ilipwe.

Wengine hunijibu kwamba hata Ulaya watu hufanya kazi shambani kwa chakula. Ni kweli. Mwaka 1971 karani mmoja wa London aitwaye Sue Coppard alianzisha mpango wa watu wa mjini kwenda mashambani mwisho wa wiki, kusaidia mashamba yasiyotumia dawa za viwandani, wakipewa chakula na mahali pa kulala. Mpango huo, unaoitwa WWOOF, sasa umeenea katika nchi nyingi. Lakini tazameni tofauti. Karani yule alikuwa na mshahara wake London, na Jumatatu alirudi ofisini. Kijana wetu hana Jumatatu ya kurudia. Tena wale walikuja kuongeza mikono siku mbili. Anayekaa miezi sita, kila siku, asubuhi hata jioni, huyo si mgeni tena.

UPANDE WA MWENYE SHAMBA

Haki ni kusikiliza pande zote, kwa hiyo nitasema na ya mwenye shamba. Mimi na wale vijana wawili tulikaa usiku mmoja tukapatana, kisha tukamwendea. Hatukugoma. Tulimwambia hatutashika majembe ya wale akina mama mpaka tujue wanarudi lini.

Alikasirika kwanza. Kisha akaingia ndani akaleta daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye alikuwa nalo, tena safi. Akatufungulia akasema, "Haya, ninyi watu wa chama, nionyesheni pesa ilipo." Tukasoma pamoja mpaka taa ikapungua mwanga. Kulikuwa na maji ya lori wakati wa kiangazi, mbegu, nauli ya kupeleka mboga Nairobi, na mboga zilizorudi zimenyauka. Mishahara ya vibarua ilikuwa mstari mkubwa kuliko yote. Nilielewa kwa nini aliukata huo. Mtu hukata anapoona pana unene.

Lakini tuliona na jambo jingine. Tangu akina mama waondoke, mboga zilizoharibika ziliongezeka. Tulikuwa tukivuna vibaya, tukimwagilia saa za jua kali, tukipanda kwa kuzika. Mikono ya bure ilikuwa imemgharimu. Yeye mwenyewe alinyamaza, akaweka kidole kwenye mstari ule.

Tulipatana hivi. Yule mama arudi siku tatu kwa wiki, alipwe kama zamani, na saa mbili za kila siku hiyo ziwe za kutufundisha. Sisi tufanye kazi ya shamba mpaka saa sita mchana, na baada ya chakula kila mmoja alime tuta lake mwenyewe, tangu mbegu mpaka sokoni, na pesa ya tuta hilo iwe yake. Tukaandika karatasi moja, tukatia sahihi.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Yule mama wa pili hakurudi. Alipotafutwa alikuwa amehama, na mpaka leo sijui aliko. Mapatano yaliyochelewa wiki tatu yalimwokoa mmoja tu. Ndiyo sababu naandika, ili mwingine apatane siku ya kwanza.

SHERIA INASEMAJE

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mtu haki ya kutendewa sawa katika kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inapoeleza mwajiriwa ni nani, inamtaja pia mwanagenzi aliye katika mapatano ya kufunzwa kazi; na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo hufanya vivyo hivyo. Tena Sheria ya Ajira inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja asiendelee kuhesabiwa kama mtu wa siku moja.

Kwa hiyo sheria haikosekani. Kinachokosekana ni karatasi. Kijana akikatwa na panga au akiumwa na nyoka shambani, mtu wa kwanza atakayemwuliza habari atataka kuona alikuwa nani pale. Mfanya kazi? Mgeni? Mwanafunzi? Asiye na karatasi atakuwa lile jina litakalompendeza mwenzake.

MAOMBI YANGU

Basi naomba tawi letu lichukue shauri hili, likubaliane na masharti yafuatayo kwa kila mwanachama au mtoto wa mwanachama anayekwenda kujifunza shambani:

1. Mapatano yaandikwe kwa Kiswahili kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Yataje muda, saa, chakula, nauli, na mambo yatakayofundishwa, moja moja.

2. Mwenye shamba aseme kwa maandishi kwamba hakuna kibarua atakayetolewa au kupunguziwa siku kwa sababu ya mwanagenzi. Sharti hili likikosekana, tusimpeleke mtu.

3. Kibarua anayefundisha alipwe kwa saa za kufundisha. Ujuzi wake ni mali, hata kama hana cheti.

4. Kila mwanagenzi apewe tuta lake na daftari lake. Aliyepalilia miezi sita bila kujua bei ya mbegu wala bei ya sokoni hakujifunza ukulima. Amejifunza kuinama tu.

5. Ijulikane nani atalipa hospitali mtu akiumia.

6. Barua ya mwisho itaje kazi anazoziweza, siyo kusema tu kwamba alikuwa na tabia njema.

Na kwa anayetaka kupima shamba mwenyewe, natoa kipimo chepesi kama ile fimbo ya rundo. Jioni ajiulize: leo nimejua nini nisichokijua jana? Akikosa jibu siku moja, si neno, maana palizi ni palizi. Akikosa jibu wiki nzima, huyo ni kibarua asiyelipwa, na afungue mdomo.

Wako watakaosema kwamba chama cha watu wa viwandani hakina shauri na matuta ya sukuma wiki. Nawajibu kwamba shauri tunalo. Kiwanda hakizeeki na sisi. Kila mwaka wenzetu wanatoka na kiinua mgongo kidogo, wanakimbilia ploti zao, na wanapoteza kile kidogo kwa kulima kama nilivyolima mimi. Vyuo vya kilimo hai vipo Kenya tangu miaka ya 1980. Manor House ya Kitale ilianza 1984 na KIOF ilianza 1986. Na tangu 2007 Afrika Mashariki ina kanuni moja ya mazao hayo na alama yake ya Kilimohai. Lakini mtu mwenye watoto shuleni hawezi kwenda kukaa Kitale. Atajifunza karibu na nyumbani, katika shamba dogo. Basi tuyafanye mashamba hayo yawe shule kweli.

Wengine watasema masharti haya yatawatisha wenye mashamba madogo, na vijana watakosa pa kujifunza. Huenda wachache wataogopa. Lakini mama yule hakufunga shamba. Bado yuko, bado anapokea wanagenzi, siku hizi wawili kwa mara moja, wala si zaidi. Na kibarua wake bado anafundisha. Mwezi uliopita nilipita pale kununua miche, nikamkuta akimwambia kijana mmoja wa chuo, "Baba, unazika au unapanda?"

Mimi ploti yangu sasa inatulisha mboga, na ziada kidogo huuzwa kwa majirani. Sikutajirika. Lakini kila ninapochomoa fimbo katika rundo langu na kuiona ina joto, namkumbuka yule mama wa pili ambaye hakurudi, maana yeye ndiye aliyelipa karo yangu bila kuulizwa.

Tumpe mgeni jembe. Lakini tumtazame kwanza aliyelishika jana, na tuhakikishe anabaki na lake.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama wa zamani wa kiwandani, Kitengela